Ufunguo wa Pili Uko kwa Nani?

Ifikapo tarehe 1 Machi kila mwaka, ufuo wa Ziwa Mweru huchangamka upya. Marufuku ya uvuvi, ambayo nchini Zambia huanza tarehe 1 Desemba na kukoma mwishoni mwa Februari ili samaki wapate kuzaana, huwa imekwisha. Katika Mununga, mji wa wavuvi ulioko kaskazini ya Nchelenge kwenye barabara iendayo Chienge, mitumbwi hurejeshwa majini, nyavu hutandazwa, na watu walioondoka mwezi wa Desemba kwenda mashambani au kwa ndugu zao hurudi kutafuta mahali pa kulala. Vyumba vilivyokuwa vitupu hupata wapangaji. Mwenye nyumba hutoa ufunguo mfukoni, humkabidhi mgeni, hupokea kodi ya mwezi wa kwanza, na shughuli huishia hapo.

Ufunguo huo mmoja unastahili kuulizwa maswali. Kufuli mpya aghalabu huuzwa na funguo mbili au tatu. Mpangaji wa msimu uliopita alikabidhiwa ngapi, na alirudisha ngapi? Je, hakuchongesha mwingine kwa ajili ya shemeji yake aliyekuwa akija kuchukua nyavu? Na huyo shemeji alimwachia nani? Mwenye nyumba mwenyewe mara nyingi hajui, wala si kwa uzembe: chumba hicho kimepita mikononi mwa watu wengi, na kufuli ni ileile tangu mlango ulipotundikwa.

Swali hili lina uzito wake katika pwani ya Mweru, kwa sababu kazi ya huko ni ya usiku. Chisense, samaki wadogo wa jamaa ya dagaa, huvuliwa katika usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za betri zimeenea. Hivyo baba huwa yuko majini saa zilezile ambazo nyumba inamhitaji. Mama hubaki na watoto, na pamoja nao hubaki mauzo ya jioni, maana ingawa fedha nyingi siku hizi hupita katika simu, noti za samaki bado hulala chini ya godoro.

Familia ya askari haina haja ya kuelezwa mengi juu ya jambo hilo. Askari huhamishwa kituo, hupewa nyumba iliyokwisha kukaliwa na wengine kabla yake, na pengine juma lile lile hupangiwa lindo la usiku. Mkewe hufungua masanduku katika nyumba ambayo funguo zake hakuna awezaye kuzihesabu. Nyumba za kambini zina faida ya majirani na walinzi. Lakini askari wengi, hasa wa polisi, hupanga uraiani, na huko hali yao ni sawa na ya mvuvi wa Mununga.

Kiswahili nacho si kigeni katika ziwa hilo. Ng'ambo yake, katika Pweto na Kilwa ya Kongo, ni lugha ya sokoni, na hata Kibemba cha upande wa Zambia huuita ufunguo *lufungulo*, neno lisilohitaji mkalimani kwa Mswahili yeyote. Watu wa pande hizo mbili wamekuwa wakivuka daima, kwa biashara na kwa shida. Mwezi Desemba 2000, Pweto ilipotekwa katika vita vya Kongo, maelfu walikimbilia Zambia. Na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge. Mtu anayekimbia hana wasaa wa kurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, na anayeishika nyumba hiyo baadaye hana njia ya kujua uko wapi. Hata hivyo, si haki kumtazama mgeni kwa jicho baya kila kufuli inapofunguliwa usiku. Mtu mwenye ufunguo wa ziada kwa kawaida ni yule aliyewahi kuaminiwa nao: aliyekuwa mpangaji, kijana wa kazi aliyeachishwa, fundi aliyepaka rangi, au ndugu aliyekosana na jamaa zake.

Jambo jingine huwapa polisi taabu. Mlango uliofunguliwa kwa ufunguo hauna alama. Hakuna ubao uliopasuka wala msumari uliong'olewa, na mwenye mali anapokwenda kituoni huulizwa kama alikumbuka kufunga. Wengine hukata tamaa kwa kudhani kwamba pasipo kuvunjwa kitu hapakuwa na kosa la kuvunja nyumba. Sivyo. Katika sheria za adhabu za Zambia, kama katika zile za Tanzania, kuufungua mlango uliofungwa kwa ufunguo, au hata kuusukuma tu ule ulioshindikwa, ili kuingia na kutenda kosa, huhesabiwa kuwa ni kuvunja. Mashtaka yapo, kinachokosekana ni ushahidi, na ushahidi huo ni mgumu kuupata pale ambapo funguo zimetapakaa.

Dawa yake ni kuufanya ufunguo wa zamani usifae kitu. Namna ya kufanya hivyo hutegemea kifungio kilichoko mlangoni.

Katika nyumba nyingi za matofali za Mununga, na katika vyumba vingi vya kupanga kote Afrika Mashariki, kifungio ni kufuli. Kufuli ya bei nafuu haifai kufunguliwa tumbo ili ibadilishwe ufunguo. Gharama ya fundi itapita thamani yake. Hununuliwa mpya, na ile ya zamani hupelekwa kwenye banda la kuku. Lakini ununuzi wenyewe unahitaji macho. Kufuli za bei ya chini hutengenezwa kwa funguo za aina chache, na zipo hata zinazotengenezwa makusudi zifunguliwe zote kwa ufunguo mmoja. Mnunuzi asione haya kumwomba mwenye duka ruhusa ya kujaribu ufunguo wake katika kufuli nyingine tatu au nne za katoni ileile. Ukifungua hata moja, aiache. Aangalie pia kama namba imegongwa kwenye kufuli yenyewe: namba hiyo ikiwa ndiyo ya ufunguo, mwenye ujuzi aweza kuitumia kuchonga mwingine, na kwa hiyo hainakiliwi pembeni tu, bali hufutwa kwa tupa.

Halafu kuna tumbuu. Kosa hili huonekana katika kila mtaa: kufuli nzito ya shaba, ya bei kubwa, imening'inizwa kwenye bamba jembamba lililoshikwa na skrubu fupi ambazo vichwa vyake viko nje, mbele ya macho ya kila apitaye. Mwizi haigusi kufuli. Huja na bisibisi, hulegeza skrubu nne, na huiacha kufuli ikiwa imefungwa vilevile. Bamba lapaswa kuwa la aina ambayo likikunjwa hufunika skrubu zake, na afadhali zaidi likashikwa kwa bolti zinazopenya mlango mzima na kukazwa nati kwa ndani. Katika mlango wa mbao laini bolti bila bamba la chuma upande wa pili hung'oka kwa kusukumwa. Kipande cha bati nene chatosha.

Nyumba za serikali na nyumba za zamani za miji huwa na kitasa kilichochimbiwa ndani ya ubao. Ndani yake mna vibamba vyembamba vya chuma au shaba vinavyosukumwa na springi, na ufunguo ulio sawa huviinua vyote kwa kimo kinachotakiwa ndipo ulimi wa kitasa upate kupita. Fikra hiyo ni ya Mwingereza Robert Barron, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1778, na haijaachwa hadi leo. Uimara wake hutegemea idadi ya vibamba. Kitasa cha vibamba viwili, ambacho ndicho cha rahisi, kina tofauti chache sana za ufunguo, na si ajabu ufunguo wa jirani ukazunguka ndani yake. Kwa mlango wa nje kitafutwe cha vibamba vitano. Kile cha viwili kihamishiwe chumbani.

Fundi anayekijua kitasa cha namna hii aweza kukifungua, kuvipanga vibamba kwa mfuatano mwingine au kutia vingine, kisha akachonga ufunguo mpya unaolingana. Kazi yake huchukua muda, lakini huokoa kitasa cha zamani chenye chuma kizuri kuliko kile kinachouzwa leo. Mahali penye nyumba nyingi za mwajiri mmoja kuna njia nyepesi zaidi: kila familia inapohama, kitasa cha nyumba hiyo hung'olewa na kupelekwa nyumba nyingine ya mbali, na cha huko kuletwa hapa. Haigharimu ila skrubu na nusu saa, ingawa ni lazima daftari liwekwe na anayelishika awe mtu mmoja.

Aina ya tatu ni kitasa cha silinda, ambacho milango mipya ya chuma na ya mbao nzito huja nacho. Mmarekani Linus Yale mdogo alipata hati yake mwaka 1861: ufunguo bapa wenye meno huinua pini ndogo, kwa kawaida tano, hadi zifike mstari mmoja. Hapa neno la kubadili ufunguo lina maana kamili. Fundi huitoa silinda, huondoa pini za chini na kutia nyingine za urefu unaolingana na ufunguo mpya. Kitasa hakibadiliki kwa nje, lakini ufunguo wa jana hauzunguki tena. Kazi hiyo inataka vifaa na akiba ya pini, navyo si kila mji vinapatikana. Mahali kama Mununga ni rahisi zaidi kununua silinda nzima.

Kuibadili hakuhitaji fundi. Mlango huwa wazi. Ukingoni mwake, usawa wa tundu la ufunguo, pana skrubu moja ndefu, hufunguliwa yote. Ufunguo hutiwa na kuzungushwa kidogo, hadi kile kijino cha katikati kilale sawa na mwili wa silinda, kisha huvutwa polepole nayo hutoka. Kabla ya kwenda dukani hupimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila mwisho, kwa kuwa pande mbili zaweza kutofautiana. Silinda inayochomoza nje kupita bamba la mkono zaidi ya milimita 3 humpa mwizi mahali pa kushikia koleo.

Yote haya ni bure iwapo mwimo umeliwa. Mchwa hawana heshima kwa kitasa kipya. Hula fremu kutoka upande wa ukuta, rangi ikabaki inang'aa kwa nje, na bega moja la mtu mzima likaupeleka mlango ndani pamoja na kufuli yake. Fremu igongwe kwa kifundo cha kidole kuanzia chini. Panapotoa sauti ya utupu pachimbwe kwa ncha ya kisu. Skrubu za bamba linalopokea ulimi wa kitasa zibadilishwe kwa ndefu za milimita 75, zifike hata katika tofali.

Unyevu wa ziwani huleta kutu, na watu hukimbilia mafuta ya kupikia. Mafuta hayo hulainisha kwa juma moja, kisha hushika vumbi na kuwa gundi. Unga wa risasi ya penseli, uliokwanguliwa kwa wembe na kupulizwa tunduni, hufanya kazi nzuri zaidi katika kitasa cha silinda.

Funguo mpya zikishapatikana zihesabiwe mbele ya watu wazima wa nyumba, na kila mmoja ajulikane uko wapi. Usiwepo chini ya jiwe wala juu ya fremu, mahali ambapo hata mtoto wa jirani hupajua. Ule wa akiba ukae kwa mtu mmoja wa kutumainiwa. Mpangaji anapoondoka bila kurudisha idadi kamili, gharama ya kufuli mpya yaweza kukatwa katika amana yake ikiwa waliandikiana hivyo tangu mwanzo.

Na liko jambo moja lisilopaswa kufanywa kwa sababu yoyote. Wapo wazazi ambao, wakitoka usiku kwenda ziwani, lindoni au msibani, huwafungia watoto ndani kwa kufuli ya nje, wakidhani wamewalinda. Mshumaa ukianguka au koroboi ikipinduka, hakuna awezaye kutoka, na jirani anayekuja mbio hukuta chuma. Mlango wa nyumba yenye watu hufungwa kwa ndani, kwa komeo ambalo mtoto mkubwa aweza kulivuta gizani. Na kama ni kitasa, ufunguo hutundikwa kwenye msumari hatua mbili kutoka mlangoni, mbali na dirisha, mahali palepale kila usiku, na watoto wafundishwe kuufikia hali wamefumba macho.