Udongo Ukishiba Maji

Mlima Elgon una urefu wa mita 4,321 lakini hauna theluji ya kudumu. Mbona basi mito yake haikauki mara mvua inapokatika? Katika nchi za baridi, theluji ndiyo ghala la maji: hurundikana majira ya baridi, kisha huyeyuka polepole. Hapa kwetu, ghala ni msitu na udongo.

Wanasayansi hulikadiria ghala hilo kwa modeli ya uso wa ardhi. Wapo wanaosema 'mfano', ila mfano huonyesha tu, modeli hukokotoa. Huchukua mvua iliyonyesha, ikatoa maji yaliyovukizwa na yaliyotiririka. Yanayobaki ni unyevu wa udongo. Modeli iitwayo Noah hukokotoa hata theluji.

Maneno yana uzito hapa. 'Mvua kubwa' si sawa na 'mafuriko'. Udongo mkavu hunywa mvua kubwa. Ulioshiba huiachilia hata ya wastani, Nzoia ikafura na Budalang'i ikazama. Kwa hivyo tahadhari isitaje mvua pekee. Imwambie mkulima wa Kitale na Bungoma waziwazi: udongo umeshiba. Hapo ataelewa, tena upesi.