Kulala Pwani ya Uingereza: Nyumba za Wageni za Blackpool

Msafiri atokaye Afrika ya Mashariki, akisikia habari za hoteli za Ulaya, aghalabu hudhani kuwa zote ni majumba makubwa yenye mazulia na watumishi waliovaa kofia. Sivyo. Kwa muda mrefu watu wa kawaida wa Uingereza, waendapo pwani kupumzika, wamelala katika nyumba ndogo ambazo mwenyewe huishi humo humo na kuwapangisha wageni vyumba.

Mji uliojulikana sana kwa nyumba hizo ni Blackpool, katika pwani ya kaskazini-magharibi. Reli ilifika huko mwaka 1846, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire wakaanza kumiminika. Kila mji wa viwanda ulikuwa na juma lake la mapumziko wakati wa kiangazi. Mashine zilisimama, maduka yakafungwa, na watu kwa maelfu wakapanda gari la moshi pamoja na jirani zao. Wengi walikwenda kwa fedha walizoweka senti kwa senti mwaka mzima katika vyama vya akiba vya kiwandani, kwa maana kabla ya sheria ya likizo ya mwaka 1938 wafanyakazi wengi hawakulipwa siku wasizofanya kazi.

Basi watu wa namna hiyo hawakuweza kununua chakula cha hoteli. Desturi ya zamani ilikuwa hivi: mgeni alilipia kitanda tu, kisha akaenda sokoni mwenyewe kununua nyama, mayai na viazi, akamkabidhi mama mwenye nyumba, naye akapika. Hebu fikiri kazi ya mama huyo, mwenye jamaa sita au saba nyumbani, kila jamaa na kipande chake cha nyama, na kila mmoja akitazamia kuletewa kilicho chake! Gharama ya kupika iliandikwa katika hesabu ya mwisho wa juma, na pengine hata matumizi ya chombo cha chumvi na pilipili yalilipiwa mbali. Jambo hilo liliwachekesha Waingereza miaka mingi, lakini halikumchekesha mgeni aliyekwisha kuhesabu nauli yake ya kurudi.

Baadaye desturi ikabadilika, mwenye nyumba akatoa chakula kwa bei moja pamoja na kitanda. Baadaye tena nyumba nyingi ziligawanywa, kila sehemu ikawa na chumba cha kulala, bafu na jiko dogo, mgeni ajipikie mwenyewe. Kwa jamaa wenye watoto njia hii hupunguza gharama. Lakini yafaa mgeni aulize kabla ya kulipa kama shuka, taulo na umeme vimo katika bei, kwani si kila nyumba huvitoa.

Liko jambo lingine zito kuliko taulo, nalo ni kama mgeni atapokewa. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, ambaye tangu mwaka 1929 alikuwa amekaa Nelson, mmoja wa miji ile ya pamba, alifika na mkewe na binti yake katika hoteli moja ya London. Alikuwa ameagiza vyumba mapema. Hata hivyo aliambiwa kuwa hawezi kukaa zaidi ya usiku mmoja, kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki, na mwaka 1944 akashinda. Jaji alishika sheria ya kale kwamba mwenye hoteli sharti ampokee kila msafiri afaaye, awezaye kulipa, maadamu nafasi ipo. Fidia ilikuwa gini 5 tu, lakini haki yake ilikuwa imetambuliwa.

Hata hivyo, sheria hiyo ya kale iliwafunga wenye hoteli, si wenye nyumba ndogo za kupangisha, ambao waliruhusiwa kuchagua wageni. Hata sheria ya ubaguzi ya mwaka 1965 iliziacha nje. Ile ya mwaka 1968 ilizigusa nyingi, isipokuwa zilizo ndogo kabisa. Leo ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 imkatazayo mwenye hoteli au nyumba ya wageni kumkataa mtu kwa rangi yake.

Tofauti hiyo ya hoteli na nyumba ya kupangisha ipo pia katika mali ya mgeni. Karibu na mlango wa hoteli huenda msafiri akaona karatasi ya Sheria ya Wenye Hoteli ya mwaka 1956. Maana yake ni kuwa kitu kikipotea, malipo yana mpaka: pauni 50 kwa kitu kimoja, na pauni 100 kwa mgeni mmoja, ila ikiwa mwenye hoteli au mtumishi wake ndiye mwenye kosa, au mgeni alimkabidhi mali hiyo aiweke salama. Aliye na saa ya thamani na aikabidhi mezani, apewe stakabadhi, ndipo apande ngazi kwenda chumbani.