Bastola ndogo: je, ni akiba ya kutumainiwa?

Wahenga wetu walituambia kuwa akiba haiozi. Sina nia ya kuwapinga, lakini iko akiba moja ambayo kila nikiichungua habari yake naiona yaoza, tena kimya kimya, ndani ya mtoto wa meza, mwenyewe akidhani i salama. Nayo ni bastola ndogo ya mfukoni.

Usinifahamu vibaya, msomaji. Sikusudii kumtia mtu hamu ya silaha, na sheria ya nchi yetu haimruhusu mtu kuwa na bastola bila ya leseni. Nazungumza juu ya zile bastola za kale, ndogo za kutoshea kiganjani, zilizotengenezwa Ulaya na Marekani tangu kiasi cha mwaka 1900 mpaka Vita vya Pili vya Dunia. Wapenzi wake wangalipo hadi leo katika nchi nyingi, na wakikutana swali lao huwa ni lile lile: "Yako yafanya kazi?" Kwani kitu hiki hakina kazi ila siku moja, na siku hiyo kikikataa hakuna siku ya pili.

Sisi watu wa pwani tulizijua silaha za moto kwa majina ya wageni. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyotujia kwa Kiarabu, na risasi kwetu hata leo ni jina la madini pia. Mzinga tulijitwalia wenyewe kutoka kwa nyuki. Bastola, wasema wataalamu wa lugha, asili yake ni Kireno. Wafaransa nao walifanya jambo la ajabu zaidi, walichukua jina la mtu wakalifanya jina la kitu. Walizoea kusema "browning" wakiwa na maana ya bastola yoyote ya kujipakia yenyewe, awe ameitengeneza nani.

Mtu huyo ni John Moses Browning, aliyezaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, Utah, Marekani, mtoto wa fundi wa bunduki. Ndiye aliyeibuni bastola ya mwaka 1900 iliyotengenezwa na kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, na ndiye baba wa Colt ya 1903, wa ile ndogo sana ya 1905 ya milimita 6.35, na wa FN ya 1910. Ile ya 1905 ilikuwa na urefu wa sentimita 11 na nusu hivi na uzito wa gramu 370 hivi, ikichukua risasi sita katika magazini. Ilitengenezwa ikae katika mfuko wa kizibao. Browning alifariki mwaka 1926, naye yupo pale pale kiwandani Ubelgiji.

NDOO KISIMANI

Ili tufahamu kwa nini bastola hizi husifiwa na mmoja na kulaaniwa na mwingine, yafaa tujue zinavyokwenda.

Rivolva, ile yenye tundu za kuzunguka, huendeshwa na kidole cha mtu. Risasi moja ikikataa, mtu huvuta kifyatulio tena, ikaja nyingine. Hii ya kujipakia huendeshwa na nguvu za risasi yenyewe. Mlipuko husukuma nyuma kile kifuniko cha juu ambacho mafundi hukiita slaidi, ganda tupu likatupwa nje, springi ikakirudisha mbele, nacho njiani kikachukua risasi mpya kutoka magazini na kuitia chemba. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Ni kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Mmoja akizubaa, wote wamesimama.

Sasa udogo ndio unaoleta taabu. Slaidi ya bastola ndogo ni nyepesi na safari yake ni fupi, na risasi yenyewe ni dhaifu. Hapana nafasi ya kusamehe. Kosa ambalo bastola kubwa ingelimeza, hii ndogo hulitapika.

WENYEWE WASEMAVYO

Lawama ya kwanza ya wenyewe ni magazini. Kile kibati chembamba kina midomo miwili juu yake inayoishika risasi. Midomo ikipinda kidogo tu, risasi huinuka kombo ikagonga mahali pasipo pake. Wengi waliodhani bastola zao ni mbovu walikuta ugonjwa uko kwenye magazini iliyonunuliwa baadaye, isiyotengenezwa na kiwanda cha asili. Waliporudisha ya asili, au walipotia springi mpya, maradhi yakaondoka.

Ya pili ni aina ya risasi. Bastola hizi zilibuniwa kwa risasi ya ncha ya mviringo, iliyovikwa shaba. Miaka ya baadaye zikaja risasi zenye tundu kwenye ncha, na watu wakazitia katika bastola za babu zao. Ncha ile butu hunasa kwenye kilima kidogo cha kuingilia chemba. Na risasi ya milimita 7.65 ina siri yake: kitako cha ganda lake kina ukingo uliotokeza kidogo. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa risasi ya chini, zote mbili hushikana kama meno ya msumeno, na hapo haisaidii kuvuta wala kusukuma.

Ya tatu ni mfuko wenyewe. Nyuzi za nguo, vumbi na jasho huingia ndani ya kitu hiki kama vile mchanga uingiavyo katika saa. Anayekichukua kila siku bila ya kukisafisha, akibeba kwa imani tu, amebeba chuma. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini haki isemwe pia. Wenye Colt ya 1903 huisifu kwa ulaini wake, na wengi wao wana bastola zilizopita umri wa mwanadamu na bado hazijakwama. Wenye Walther PPK, iliyotoka Ujerumani mapema katika miaka ya 1930, husifu wepesi wake kiunoni, ingawa hulalamika kuwa slaidi yake huung'ata mkono pale kati ya kidole gumba na cha shahada, hasa kwa mwenye kiganja kinene.

Nilimwendea mzee mmoja wa hapa Mombasa, aliyekuwa fundi wa silaha miaka mingi na sasa amestaafu, nikamuuliza: "Mzee, hizi bastola ndogo hufishwa na nini?"

Alicheka. "Mwanangu," akanijibu, "bastola ya pwani huuawa na vitu viwili: upepo wa bahari na mapenzi ya mwenyewe."

Upepo nilikuwa naujua, kwani nani kati yetu hajaona bawaba za mlango zikiliwa na chumvi? Mapenzi ndiyo aliyonifahamisha. Mwenyewe huimwagia bastola mafuta kama anayetaka kukaanga samaki, kisha akaiweka miaka. Mafuta yakakauka, yakashika vumbi, yakawa gundi. Mwengine huiacha ndani ya kifuko chake cha ngozi akidhani ameihifadhi, kumbe ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, na kutu ikaanza upande usioonekana.

JASUSI WA VITABUNI NA MLINZI WA KWELI

Habari za bastola hizi zimetiwa chumvi mno na sinema. Mwandishi Mwingereza Ian Fleming, alipomtoa jasusi wake James Bond mwaka 1953, alimpa Beretta ndogo ya milimita 6.35. Mwaka 1956 bwana mmoja wa Glasgow, Geoffrey Boothroyd, mjuzi wa silaha, alimwandikia kumwambia kuwa silaha ile ni ya bibi, si ya mwanamume wa kazi kama ile. Yeye alipendekeza rivolva. Fleming akaisikia nusu ya nasaha: katika kitabu cha Dr No cha mwaka 1958 Bond akanyang'anywa Beretta akapewa Walther PPK. Katika filamu ya 1962 mkubwa wake anamkumbusha kuwa Beretta ilimkwama kazini, akalala hospitali miezi sita. Tangu hapo PPK ikawa na jina duniani.

Sasa sikiliza yaliyotokea kweli.

Usiku wa tarehe 20 Machi, 1974, Binti Mfalme Anne wa Uingereza alikuwa akirejea nyumbani na mumewe kwa gari, mjini London, katika barabara ya The Mall iendayo Kasri ya Buckingham. Mtu aitwaye Ian Ball aliwakinga njia kwa gari lake, akatoka na bastola, akitaka kumteka. Mlinzi wa Binti Mfalme, Inspekta James Beaton, alishuka. Akapigwa risasi ya bega. Akajibu kwa risasi moja, ikakosa. Alipotaka kupiga ya pili, bastola yake ilikuwa imekwama.

Bastola hiyo ilikuwa Walther PPK, ile ile ya jasusi wa sinema.

Beaton hakukimbia. Aliuweka mwili wake kati ya Ball na Binti Mfalme, akapigwa tena mkononi, na tena tumboni. Dereva Alex Callender, mwandishi wa habari Brian McConnell aliyekuwa akipita njia, na konstebo Michael Hills, wote walipigwa risasi. Mpita njia mwengine, Ronnie Russell, aliyepata kuwa bondia, alimtandika Ball ngumi. Mwisho mtu huyo alikamatwa. Kwa rehema za Mungu hakufa hata mmoja. Beaton alitunukiwa nishani ya George Cross, na Walther zikaondolewa mikononi mwa walinzi wale.

HAICHAGUI MKONO

Jambo linaloniumiza ni kuwa bastola iliyomkwama mlinzi, wenziwe hawakuwakwama wauaji. Tarehe 28 Juni, 1914, mjini Sarajevo, FN ya 1910 mikononi mwa Gavrilo Princip ililia mara mbili, na Franz Ferdinand na mkewe Sophie wakafa. Moto uliowaka kwa hayo haukubakia Ulaya. Kufikia Novemba mwaka huo watu walikuwa wakiuana Tanga, na wapagazi wetu wakachukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya vita visivyowahusu. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu yao. Na tarehe 30 Januari, 1948, huko Delhi, Beretta ya muundo wa 1934 ilimpiga Mahatma Gandhi risasi tatu kifuani. Haikusita hata moja.

Hapa kwetu Kenya, Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari, 1957. Hakuhukumiwa kwa kumpiga mtu. Mashtaka yalikuwa ni kupatikana na rivolva na risasi zake. Kwa sheria za Hali ya Hatari, kuibeba kulitosha kumpeleka kwenye kitanzi.

Basi ukiniuliza kama bastola ndogo ni ya kutumainiwa, nitakujibu kama mafundi wajibuvyo: chuma hakina ahadi. Huitika kwa risasi iliyo sawa, magazini nzima na springi hai, na haichagui mkono wa mwema wala wa mwovu. Aliyeirithi bastola ya marehemu ndani ya sanduku, asiifungue wala asiijaribu. Kuwa nayo bila ya leseni ni kosa, na risasi iliyosahauliwa chembani haisahau kazi yake. Na awaite polisi waje waichukue, wala asiibebe njiani.

Kisha na tukumbuke usiku ule wa London. Bastola ya ulinzi ilikuwepo, tena yenye sifa kubwa, lakini aliyeokolewa hakuokolewa nayo. Aliokolewa na mlinzi aliyetoa kifua chake, na wapita njia waliokuja mikono mitupu. Mwenye majirani kama hao amelala salama kuliko mwenye bastola chini ya mto. Usiache mbachao kwa msala upitao.