"Umekula?": Simu ya Nyumbani kwa Mwanafunzi wa Chuo

Jioni simu ya nyumbani hulia hostelini, na maswali huwa yaleyale: matokeo yametoka? mkopo wa HELB umeingia? Mwanafunzi aliyefeli masomo mawili hujibu kwamba mambo ni shwari, kisha hukaa kitandani ameishika simu iliyokwisha kukatwa. Kijijini ilifanywa harambee ili aende chuo. Ng'ombe aliuzwa. Atasemaje?

Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Joiner aliandika kwamba hamu ya kufa huota mtu anapojiona mzigo kwa jamaa zake, na papo hapo hana anakojihisi ni kwao. Hoja hiyo inamgusa hasa mwanafunzi wa Kenya, maana upendo wa nyumbani humfikia ukiwa karo. Wazazi wanajinyima wakiamini wanamshika mkono. Yeye anahesabu deni.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021, na kwamba kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Si ajabu familia zilificha majaribio hayo.

Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwahi kujaribu jambo dogo mno la kuzuia kujiua. Kuanzia mwaka 1969 aliwafuatilia wagonjwa 843 waliolazwa kwa sonona au hatari ya kujiua, wakatoka na kukataa kuendelea na matibabu. Karibu nusu yao waliandikiwa barua fupi kwa miaka mitano: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima. Hawakudaiwa chochote. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua kati yao walikuwa wachache kuliko wasioandikiwa. Na barua hizo zilitoka kwa watu baki!

Wazazi wengi huogopa kulitaja neno lenyewe, kujiua, wasije wakampa mtoto wazo. Wataalamu wanasema sivyo. Simu ianze na "umekula?", na sauti ikisikika imefifia, mama aulize waziwazi: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Akijibu ndiyo, lawama zikae kando. Rafiki wa chumba kimoja aombwe asimwache peke yake usiku huo, mshauri wa chuo au hospitali itafutwe, na nauli ya kwenda kumwona isingoje muhula uishe.