Bunduki ya shabaha ya ndoto: Chagua mchezo kwanza, jina baadaye

MNAMO Julai 2, 1860, Malkia Victoria wa Uingereza alivuta uzi wa hariri katika uwanja wa Wimbledon, London, na bunduki iliyokuwa imekazwa juu ya kiegemeo cha chuma ikalia. Risasi ilisafiri yadi 400, yaani takriban mita 366, ikatua karibu mno na kitovu cha shabaha. Ndivyo yalivyofunguliwa mashindano ya kwanza ya Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha nchi hiyo, kilichoasisiwa mwaka mmoja kabla.

Bunduki yenyewe ilikuwa kazi ya mhandisi Joseph Whitworth, na tundu la mtutu wake lilikuwa na pembe sita. Hakuna shaka kwamba ilikuwa bunduki ya ndoto ya zama zake. Hata hivyo, waandalizi hawakuthubutu kuiachia mikono ya binadamu siku hiyo. Waliilenga mapema, wakaikaza, na kazi ya Malkia ikawa kuvuta uzi tu.

Kisa hicho kingali na funzo kwa yeyote anayeweka akiba mwaka baada ya mwaka ili anunue bunduki ya kulenga shabaha za mbali. Chombo bora ni sehemu tu ya mchezo. Anayesahau hilo huenda akamaliza akiba yake kwa silaha isiyomfaa, isiyoruhusiwa katika mashindano anayoyataka, au asiyoweza kumudu risasi zake.

Kila mchezo na kanuni zake

Swali la kwanza, basi, si bunduki ipi iliyo bora, bali mchezo upi unaokusudiwa.

Katika uwanja wa Bisley, kusini mwa Uingereza, ambako mashindano yale ya Wimbledon yalihamia mwaka 1890, tuzo kuu ni ile ya Mfalme, iliyojulikana kama Tuzo ya Malkia katika enzi ya Elizabeth wa Pili. Fainali yake hufanyika katika umbali wa yadi 900 na 1,000. Mshindani hulala kifudifudi, akajifunga mkanda wa bunduki mkononi, na kulenga kupitia kitundu kidogo badala ya darubini. Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwaa tuzo hiyo, mwaka 1930. Huko hutumika risasi za milimita 7.62 au 5.56, na anayefika na bunduki ya kipenyo kingine hana nafasi hata ikiwa ghali namna gani.

Mchezo wa F-Class, uliopewa jina kwa heshima ya Mkanada George Farquharson, huruhusu darubini na kiegemeo. Katika kitengo cha F-TR, bunduki pamoja na darubini na miguu yake haipaswi kuzidi kilo 8.25, na risasi ni zile zile mbili. Katika kitengo cha wazi, uzito unaweza kufikia kilo 10 na kipenyo kufikia milimita 8. Kwa kuwa mshindani amepewa usaidizi zaidi, vitovu vya shabaha navyo hupunguzwa.

Kuna pia mashindano ya mtindo wa Precision Rifle Series, yaliyoshika kasi nchini Marekani tangu miaka ya 2010. Huko mshindani hukimbizana na saa, akilenga kutoka juu ya kuta, ngazi na mapipa. Bunduki nzito ya kilo 10 iliyo hodari katika F-Class inaweza kumwia mzigo mtupu.

Risasi na hesabu ya mfuko

Baada ya mchezo, huja risasi. Ile ya .308 Winchester, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, bado ni shule ya walengaji wengi. Ile ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, ina kichwa chembamba na kirefu kinachopenya hewa kwa urahisi zaidi, na kwa hivyo husukumwa na upepo kwa kiwango kidogo zaidi.

Wapo wanaovutiwa na risasi kubwa zaidi kwa imani kwamba nguvu ndiyo usahihi. Sivyo. Baruti nyingi inayopita katika tundu jembamba huunguza mwanzo wa mtutu, ambako joto na msukumo ni mkali zaidi. Pigo la bunduki nalo huwa zito, na mlengaji huanza kufumba macho kabla ya mlio. Tabia hiyo ikiota mizizi, kuing'oa si kazi ya siku moja.

Tupige hesabu. Anayefyatua risasi 50 kila wiki hutumia 2,600 kwa mwaka. Mtutu wa 6.5 Creedmoor kwa kawaida hudumisha ubora wa ushindani kwa risasi kati ya 2,000 na 3,000, ilhali ule wa .308 unaweza kufika 5,000. Kwa maneno mengine, wa kwanza atahitaji mtutu mpya baada ya takriban mwaka mmoja, na wa pili baada ya miwili. Mtutu ni kama gurudumu la gari: huchakaa, nao hubadilishwa. Asiyetenga fedha za mtutu wa pili na za risasi za mazoezi bado hajajua bei kamili ya bunduki yake.

Mtutu, kitako na darubini

Ndani ya mtutu mna michirizi iliyojipinda, ambayo huizungusha risasi ili isipinduke angani. Risasi ndefu huhitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mitutu mingi ya 6.5 Creedmoor huzungusha risasi mara moja katika kila inchi nane, takriban sentimita 20. Mtutu usiolingana na urefu wa risasi hautapata shabaha nzuri, hata ukitengenezwa na fundi stadi. Kadhalika, mtutu usiguse mbao au plastiki ya kitako mbele ya mtambo, maana mguso wowote huubadilishia mtikisiko kila unapopata joto.

Kuhusu majina, soko halina uhaba. Tikka ya Ufini husifiwa na wanaoanza kwa sababu hutoka kiwandani ikiwa na mtutu mzuri kwa bei ya wastani. Mitambo ya Barnard kutoka New Zealand imezoeleka miongoni mwa walengaji wa Bisley. Accuracy International, ya Uingereza, iliasisiwa mwaka 1978, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Malcolm Cooper, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na 1988. Zote ni bunduki za kuheshimika, lakini hakuna iliyomtengeneza Cooper. Ni yeye aliyeitengeneza.

Kitako kinastahili uangalifu kuliko jina. Shavu lipumzike mahali pamoja kila mara, na jicho likutane na kitundu au darubini bila shingo kujinyonga. Kidole nacho kifikie kifyatulio bila kujinyoosha. Ndiyo maana vitako vinavyorekebishwa vina thamani, hasa kwa bunduki inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Panapokubaliwa darubini, isiwe ya kununuliwa kwa chenji iliyobaki. Ikiwa vipimo vyake havirudi pale pale vinapozungushwa, usahihi wa mtutu umepotea bure.

Upepo ndio hakimu

Walengaji hupima usahihi kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mita 100 kipimo hicho ni takriban sentimita 2.9, na kwa mita 1,000 ni sentimita 29. Katika yadi 1,000, sawa na mita 914, kitovu cha shabaha cha Bisley kina upana wa takriban sentimita 61, karibu dakika mbili.

Chukua bunduki mbili. Moja hukusanya risasi zake ndani ya dakika moja, na nyingine, yenye bei maradufu, ndani ya nusu dakika. Katika umbali huo tofauti yao, ikipimwa kutoka katikati ya kundi hadi ukingoni, ni takriban sentimita saba.

Sasa tazama upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka upande mmoja huisukuma risasi ya kawaida ya .308 kwa zaidi ya mita mbili kabla haijafika yadi 1,000. Anayekosea kuukadiria kwa kilomita tatu tu kwa saa atakuwa amekosea kwa zaidi ya sentimita 40. Risasi iliyolengwa katikati itatua nje ya kitovu. Fedha zilizonunua zile sentimita saba hazitamwokoa.

Hapo ndipo ilipo siri ya mchezo huu. Anayenunua bunduki ya wastani na kutumia fedha zinazosalia kwa risasi, nauli ya uwanjani na mwalimu wa kusoma bendera za upepo, aghalabu humshinda mwenye bunduki ya fahari anayefyatua mara mbili kwa mwaka.

Sheria haina mzaha

Hapa Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inakataza mtu kununua au kumiliki bunduki ama risasi bila cheti. Cheti hicho hutaja aina na idadi ya silaha, na pia kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho. Kwa hivyo, kuagiza bunduki kwanza na kutafuta kibali baadaye ni njia ya kufikishwa mahakamani, si uwanjani.

Njia iliyo salama ni kujiunga na klabu inayotambuliwa, kujifunza kanuni za usalama, na kujaribu aina mbalimbali za bunduki chini ya usimamizi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Baada ya miezi kadhaa ya kulala kifudifudi juani, mwanagenzi atakuwa amejua mchezo anaoupenda, uzito anaoumudu na risasi anazoweza kuzinunua kila mwezi.

Wakati huo ndoto yake itakuwa imebadilika. Pengine bunduki aliyoitamani katika picha itabaki pichani, na ile atakayoinunua haitamshangaza mtu yeyote ikiwa begani. Itamshangaza atakayesoma ubao wa matokeo.