Kompyuta ya Mlimani na Daftari la Matombo

Mgonjwa anayeshuka au kupanda vilima kwenda zahanati katika tarafa ya Matombo, mkoani Morogoro, hutarajia kumkuta mganga, kipimo na dawa. Ni nadra afikirie kompyuta. Hata hivyo, dawa atakayoikuta au kuikosa rafuni hutegemea, kwa sehemu kubwa, hesabu zinazotoka katika daftari la zahanati na kuchambuliwa mbali na hapo.

Kompyuta haikupokewa kwa urahisi nchini. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake, baada ya mashine zilizokusudiwa kurahisisha hesabu za Hazina kuleta hasara. Zuio lilipolegezwa, utaalamu ulikua taratibu. Kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kilichoanza kama kitengo cha ndani, mwaka 1999 kilikuwa kampuni inayomilikiwa na Chuo, ikifundisha matumizi ya kompyuta na kutengeneza programu. Wataalamu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo hicho walishirikiana pia na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kuufikisha nchini mfumo wa DHIS2, ambao kufikia mwisho wa 2013 ulikuwa umeenea katika mikoa yote. Humo ndimo zinamoingizwa taarifa za MTUHA.

Faida ya hesabu hizo ilikwisha kuonekana Morogoro Vijijini, wilaya yenye tarafa ya Matombo. Tangu miaka ya 1990 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu watu na kuwauliza wafiwa dalili zilizotangulia kifo, kwa kuwa wengi walifia nyumbani bila kuandikwa popote. Takwimu zilipolinganishwa na bajeti, ilibainika kwamba malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilitengewa takriban asilimia 5 tu ya fedha za afya. Wilaya ikabadili mgawanyo. Miaka iliyofuata vifo vya watoto vilipungua, ingawa vyandarua na mafunzo ya kutibu watoto wagonjwa navyo vilichangia.

Hesabu hizo, hata hivyo, huanzia mkononi mwa muuguzi. Wagonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5, wajawazito namba 6, na waliojifungua namba 12. Mwisho wa mwezi hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Mtoto aliyetibiwa bila kuandikwa, kwa kompyuta hakuwahi kuugua. Homa iliyoandikwa kuwa malaria bila kipimo huongeza maombi ya dawa mseto, huku dawa ya nimonia, ambayo huenda ndiyo iliyohitajika, ikipungukiwa. Vilevile sifuri si sawa na nafasi tupu: sifuri husema hakuna mgonjwa, nafasi tupu husema hakuna aliyehesabu. Kompyuta haiwezi kusahihisha kosa hilo. Hulijumlisha tu na mengine.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Ataje umri na kijiji kwa usahihi, aje na kadi ya kliniki, na familia itoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji kifo kinapotokea nyumbani. Asihofu: taarifa ya jumla ya mwezi hubeba idadi, si majina.

Mhudumu pekee aliye zamu, mwenye foleni ndefu na vitabu vingi, huona uandishi kuwa mzigo. Mzigo huo hupungua maana pale takwimu zinapopanda tu bila kurudi. Kwa hiyo wilaya inapaswa kuzirejesha zahanatini, na zahanati kuzibandika ukutani: wangapi waliugua, dawa ipi iliisha, na lini. Hapo ndipo mhudumu na mwanakijiji wataweza kudai kwa hoja kile kinachowastahili.