Sura ya 3: Sembène na Watu Wasiosoma Vitabu Vyake

Mwaka 1960 Ousmane Sembène alichapisha Les bouts de bois de Dieu, riwaya kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger, ulioanza Oktoba 1947 na kumalizika Machi mwaka uliofuata. Humo wamo mafundi wa treni, wazee, watoto wenye njaa, na wanawake wanaotoka Thiès kwa miguu mpaka Dakar kuwatetea waume zao. Kwa maoni yangu, riwaya chache za Afrika zimempa mfanyakazi heshima kama hii. Lakini ilikuwa ya Kifaransa, na katika Senegal ya wakati ule waliojua kusoma Kifaransa walikuwa wachache. Mke wa fundi treni wa Thiès, aliyestahili kuwa msomaji wake wa kwanza, hakuwa na njia ya kuifikia.

Jambo hili lilimkera Sembène kwa sababu yeye mwenyewe alitoka kwa watu hao. Alizaliwa Ziguinchor, Casamance, mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Shule aliiacha mapema, akawa fundi uashi na makanika Dakar, akaingizwa katika jeshi la Ufaransa wakati wa vita, kisha akaenda Marseille kufanya kazi ya ukuli bandarini. Huko alijiunga na chama cha wafanyakazi na chama cha kikomunisti, na elimu aliyoikosa utotoni akaitafuta kwenye maktaba ya chama, baada ya kushusha mizigo. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956.

Kwa hiyo alipofikia umri wa miaka 40 hivi, jina lake tayari likijulikana, alikwenda Moscow kujifunza filamu katika studio ya Gorki. Hakuwa amechoka kuandika. Aliendelea kuandika maisha yake yote. Alichotaka ni hadhira. Sinema aliiita shule ya jioni, mahali ambapo mtu aliyetoka kazini angekaa na wenzake na kuyatazama maisha yake yakichambuliwa.

Filamu aliyoitoa mwaka 1963, Borom Sarret, ina dakika 20 hivi tu. Inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi kwa siku moja mjini Dakar. Hela aliyoipata asubuhi anampa msanii anayemsifia mababu zake. Kisha mteja aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anamsimamisha. Anapotoa karatasi zake mfukoni, nishani yake ya vita inadondoka, na polisi anaikanyaga kwa buti. Huyo polisi ni Mwafrika, na nchi imeshapata uhuru. Hakuna hotuba inayotolewa, wala haihitajiki. Mkokoteni unachukuliwa, mtu anarudi nyumbani na farasi wake bila chochote cha kupika.

Hata hivyo mwenye mkokoteni yule anasikika akiwaza kwa Kifaransa. Ndivyo ilivyo pia katika La Noire de… ya mwaka 1966, filamu ndefu iliyoshinda tuzo ya Jean Vigo na kulifungulia bara zima mlango. Diouana, mfanyakazi wa ndani aliyechukuliwa Dakar na kufungiwa katika nyumba ya waajiri wake Antibes, Ufaransa, hajui kusoma wala kuandika. Barua ya mama yake inapofika, bwana wa nyumba ndiye anayemsomea, na ndiye anayeanza kumwandikia jibu. Diouana anaichana. Hata sauti ya mawazo yake tunayoisikia, ambayo iliingizwa na mwigizaji wa Haiti, Toto Bissainthe, ni ya Kifaransa. Kwangu mimi hilo ndilo pengo lililobaki wazi, na Sembène hakuliacha hivyo.

Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolof. Ibrahima Dieng, mzee mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea hundi ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia mitaa ya Paris. Ili alipwe anatakiwa awe na kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa. Kila dirisha lina karani, na kila karani ana njoo kesho yake. Wakati huohuo majirani wamekwisha kusikia habari za hela, na kila mmoja ana shida yake. Fomu zote ni za Kifaransa, na Dieng ni mtu wa Kiwolof. Safari hii watazamaji wa Dakar walimsikia akilalamika kama wanavyolalamika wao.

Lugha ikamletea mgogoro na serikali vilevile. Filamu yake Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa na serikali ya Rais Senghor. Sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: serikali ilitaka jina hilo liwe na d moja, Sembène akashikilia mbili. Ni vigumu kuamini kwamba herufi moja ndiyo iliyowasumbua, kwa kuwa filamu yenyewe inaonyesha imamu akinyakua kiti cha mfalme na binti mfalme akimuua. Lakini Sembène, ambaye mapema miaka ya 1970 alishiriki kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolof, hakukubali kuifuta hata herufi hiyo.

Mwaka 1988, akishirikiana na Thierno Faty Sow, alitoa Camp de Thiaroye, kuhusu wanajeshi wa Kiafrika waliopigwa risasi na jeshi la Ufaransa Desemba 1944 walipodai malipo yao. Fedha zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia, si Ufaransa.

Filamu yake ya mwisho, Moolaadé, aliipiga katika kijiji cha Burkina Faso akiwa amepita miaka 80, na ilipata tuzo Cannes mwaka 2004. Humo mwanamke aitwaye Collé anawakinga wasichana waliokimbia kukeketwa. Wazee wa kijiji, wakitafuta chanzo cha ukaidi huu, wanakusanya redio za wanawake mbele ya msikiti na kuzichoma. Wanajua vizuri kwamba mwanamke asiyejua kusoma anaweza kusikiliza.